Winchester ya zamani ya babu: isafishwe kabla ya kuthaminiwa, au iachwe kama ilivyo?

Mjukuu wa Kongwa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Naomba ushauri wa wanaofahamu bunduki kongwe. Babu yetu alifariki mwaka jana huku Kongwa, akaacha bunduki ya uwindaji aliyoimiliki kwa leseni. Kwa sasa imehifadhiwa kituo cha polisi huku mirathi ikiendelea, nasi tuliruhusiwa kuitazama na kuipiga picha mbele ya askari. Si gobori, wala si Mauser ya Wajerumani. Hufunguliwa kwa wenzo ulio chini, unaosukumwa mbele kisha kurudishwa, na mbele ya kifyatulio kuna kasha la risasi lenye umbo la mstatili. Maandishi yanayosomeka ni Winchester na Model 1895; kwenye mtutu kuna 303, yaani kipimo cha risasi, pamoja na alama ndogo za taji. Namba yake ina tarakimu 5, na inaanza na 4. Chuma kimegeuka rangi ya kahawia. Shingo ya kitako ilipasuka zamani, ikafungwa kwa waya wa shaba uliozungushwa kwa ustadi.

Fundi mmoja ameahidi kuipiga msasa, kuipaka rangi upya na kutia vanishi ili ipate bei nzuri, na baba mdogo yuko tayari kumlipa. Aidha, nyumbani husimuliwa kwamba bunduki hii ilikuwa ya Roosevelt, Rais wa Marekani, ikamfikia babu kupitia Mzungu wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga huku Kongwa. Je, tufanye nini, na tutajuaje kama ina thamani kwa wakusanyaji?

Mzee wa Area C

Marahaba mjukuu, na poleni kwa msiba.

Kabla ya jambo lolote, mzuieni huyo fundi. Mkusanyaji wa bunduki kongwe hatafuti mng'aro, anatafuta uasili, na msasa ukishapita hakuna anayeweza kuurudisha uasili huo. Rangi ya kahawia unayoiona ni chuma kilichozeeka taratibu kwa mikono ya watu na hewa, nayo hukubalika kabisa. Kinachoharibu thamani ni kutu hai inayokula chuma na kuacha mashimo, na zaidi ya hiyo, kazi ya mtu aliyejaribu kuficha uzee.

Mkirudi kituoni, mwombeni askari ahakikishe kwanza kwamba haina risasi, kisha mtazame kingo za chuma na herufi zilizochongwa. Herufi zenye kingo kali zinaonyesha kuwa chuma hakijasuguliwa. Zikiwa zimefifia upande mmoja huku upande wa pili zikiwa wazi, basi tupa imeshapita hapo. Tazameni vichwa vya skrubu, kwa sababu mifereji iliyotafunwa husema kwamba bunduki ilifunguliwa na mtu asiye na kifaa sahihi. Mahali mbao inapokutana na chuma, mbao ya kiwandani huwa juu kidogo ya chuma. Ikiwa chini yake, imepunguzwa. Ndani ya mtutu mulikeni kwa tochi. Risasi za 303 za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, na mwindaji asiyeosha mtutu kwa maji ya moto alikuta mifereji ya ndani imeliwa. Mtutu ulioliwa hupunguza bei, ingawa wengi wanaotaka bunduki ya kutunzwa huuvumilia kuliko kitako kilichobadilishwa.

Modeli hii ilibuniwa na John Browning, na ndiyo Winchester ya wenzo ya kwanza kuwa na kasha la risasi katikati badala ya bomba chini ya mtutu. Takriban 5,000 za mwanzo zilikuwa na ubavu bapa, nazo hutafutwa sana. Yenu kwa namba yake haimo humo. Ni ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo haiingii hata katika kundi ambalo sheria ya Marekani huliita la kale, yaani zilizotengenezwa kabla ya 1899. Alama za taji ni za upimaji wa mitutu wa Uingereza, jambo linaloonyesha kwamba ilipitia kule. Habari njema ni kwamba makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, yana daftari za kiwanda za modeli hii hadi namba 59,999. Humo mnaweza kujua ilitoka kiwandani lini na ikiwa na mtutu wa aina gani. Ila namba kamili msiiandike hapa.

Huo waya wa shaba ningeuondoa, ili ufa uunganishwe kwa gundi.

Seremala wa Mpwapwa

Mzee wangu, kwa heshima, kuhusu waya sikubaliani nawe. Nimetengeneza samani za zamani kwa miaka mingi, na ufa ulioshikiliwa na waya kwa muda mrefu huweza kufunguka na kumega mbao pindi waya unapotolewa. Isitoshe, kazi hiyo ya mikono ni sehemu ya maisha ya bunduki hii hapa Ugogoni. Vanishi isiguswe kabisa. Hewa yetu kavu haileti kutu kama ya pwani, lakini hukausha mbao hadi ikapasuka. Kitambaa laini chenye mafuta kidogo kwenye chuma kinatosha, na isiwekwe ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Tena ikae mbali na mchwa.

Mwalimu wa Historia, Dodoma

Kuhusu Roosevelt, msitegemee simulizi hilo. Alifika Mombasa mwaka 1909 na safari yake ilipita Kenya, Uganda, Kongo na Sudani, si huku kulikokuwa chini ya Wajerumani. Ni kweli alipenda Winchester 1895, lakini aliyoisifia kwa simba ilikuwa ya kipimo cha 405. Simulizi la karanga, kinyume chake, lina mashiko: mradi wa Kongwa ulianza 1947 ukaachwa 1951, na Waingereza wengi waliondoka. Tafuteni leseni ya kwanza ya babu, barua au picha. Karatasi moja yenye tarehe itawafaa kuliko jina kubwa lisilothibitika.

Mzee wa Area C

Seremala, nimekubali, waya ubaki.

Mjukuu, kumbuka pia kwamba uzee haujaiondoa katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Asiwepo wa kuichukua wala kuiuza kabla polisi hawajatoa kibali, na isifyatuliwe kamwe kwa kujaribu.

Mjukuu wa Kongwa

Ahsanteni sana. Baba mdogo amesoma yote na fundi ameambiwa asije. Ndani ya sanduku la bibi tumepata leseni ya babu ya mwaka 1952, na namba iliyoandikwa humo ni ileile ya kwenye bunduki.