Naomba ushauri: damu ya mama imezidi alkali

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Mama yangu ana miaka 61, na kwa presha anatumia zile dawa za kukojosha. Wiki iliyopita alitapika siku 3 mfululizo, hata maji hayakai tumboni. Siku ya nne vidole vikaanza kufa ganzi na kujikunja, ikabidi nimshikie kikombe. Niliogopa sana.

Vipimo vilionyesha pH ya damu 7.52 (kawaida ni 7.35 hadi 7.45), bikaboneti (alkali ya damu) 36, iko juu, na potasiamu 2.8, iko chini. Daktari akasema ni alikalosisi ya kimetaboliki, yaani damu kuzidi alkali: kutapika kumetoa asidi ya tumboni, na dawa ya kukojosha imeondoa kloridi na potasiamu, basi figo zikashindwa kutoa bikaboneti iliyozidi. Alitundikiwa dripu ya chumvi pamoja na potasiamu, na sasa namshukuru Mungu, ana nafuu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: presha yake haijawahi kutulia, na potasiamu ilikuwa chini hata mwaka jana, kabla ya kutapika kokote. Najua tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zikitoa aldosteroni (homoni inayofanya figo zibakize chumvi na kutoa potasiamu) kupita kiasi huleta hali hiyohiyo. Hilo hakupimwa. Halafu anatafuna sana vidonge vya kiungulia vyenye kalisi, navyo vinaweza kuchangia, nami nilisahau kumwambia daktari.

Wataalamu na mliopitia haya, niombe kipimo cha aldosteroni na renini (kemikali ya figo inayochochea aldosteroni) sasa, au tusubiri potasiamu ikae sawa? Na dawa ya presha tumwulize daktari aibadilishe? Kumwachisha mwenyewe siwezi kuthubutu.