Tupeane uzoefu: safari za gari kwenda Ooty, Kodaikanal na Munnar

Mwanamysuru
Wakuu, salaam. Tuko Watanzania wanne hapa Mysuru, kusini mwa India, chuo kinafunga, tumepanga kukodi gari tupande milimani: Ooty, Coonoor, na tukijaliwa tusogee mpaka Kodaikanal au Munnar. Juzi jamaa mmoja wa hosteli karudi kutoka huko hana hamu, ukimuuliza anasema tu "nendeni mkaone". Sasa ninyi mliokwisha kupanda hizo ghati, yaani barabara za kona za milimani, mwageni hapa. Njia, malazi, mabaya na mazuri. Karibuni.

Dadake_Pili
Mysuru mpaka Ooty ni kama kilomita 125, ila huko usihesabu safari kwa kilomita. Mnapita mbuga ya Bandipur, mkivuka mpaka wa jimbo mnaingia Mudumalai upande wa Tamil Nadu. Mageti yanafungwa saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya wanyama, utaratibu wa tangu 2009. Sisi foleni ya Mysuru ilitula, tukafika geti limeshafungwa dakika chache tu. Askari wa misitu hata hakusimama kutoka kwenye kiti. Dada yangu akajaribu Kihindi chake cha kwenye tamthilia, yule baba akamjibu kwa Kikannada, kesi ikaishia hapo. Tulilala kwenye gari nyuma ya malori ya mboga. Ondokeni asubuhi, nimemaliza.

Kaptula_Ndefu
Hilo geti nalikumbuka. Mbu wake wana njaa ya mwaka mzima.

Msambaa_Halisi
Mnatishana bure. Mimi nimekulia Soni, kona za kwenda Lushoto nimezipita nimekaa juu ya magunia ya kabichi kwenye Fuso. Ooty naendesha kwa mkono mmoja.

KonaKali
Msambaa, Kalhatti umepita? Ile ya kutoka Masinagudi kupanda Ooty. Kona 36 za kukunja, kila moja ina kibao na namba yake, kwa hiyo unajua kabisa umebakiza mateso mangapi. Kupanda wanakuruhusu. Kushuka wanaruhusiwa wenyeji wenye namba za TN 43, ninyi wengine mnazungushwa Gudalur. Mwaka 2018 gari la watalii lilitumbukia korongoni pale na likachukua siku mbili kuonekana. Huo mkono mmoja utautumia kupungia watu.

Msambaa_Halisi
Kona ni kona. India haijavumbua kona.

Nyayo_za_Mvita
Yangu mimi haina kona ndani yake. Mabaya niliyoyaona ni ya kutafuta pa kulala Kodaikanal. Tumefika usiku, baridi yaingia mpaka kwenye meno, tuna njaa, twabisha mlango wa gesti ya kwanza. Vyumba vipo, nimeviona vitupu kwa macho yangu. Yule mwenye nyumba alipoona pasipoti, vyumba vikajaa. Ya pili vilevile. Mwisho kijana mmoja wa mapokezi akatuonea huruma, akatueleza: wakilaza mgeni wa nje lazima wajaze Fomu C na kuituma serikalini ndani ya saa 24, na gesti ndogo ndogo nyingi hazijajisajili kwenye huo mtandao, au zaona ni kujitafutia taabu. Kwa hivyo yaja kwako "full, full". Mwenzangu alidhani ni rangi yetu, akaanza kufoka pale barabarani. Labda na rangi ilikuwemo kidogo, sikatai, lakini fomu ilikuwa ndiyo kubwa. Pigeni simu kabla, ulizeni neno moja tu: mwapokea wageni wa nje, Fomu C mwajaza? Na mchukue pasipoti yenyewe yenye viza, kivuli hawakitaki.

BintiChumbageni
Ya Fomu C ni kweli tupu. Yametukuta Munnar.

Kaptula_Ndefu
Hapo kwenye rangi mkuu usipapite haraka hivyo. Mimi nimefukuzwa sehemu ambayo Mjerumani kapewa chumba mbele yangu. Naye alikuwa wa nje, Fomu C yake walijaza kwa furaha.

Nyayo_za_Mvita
Sikuwepo kwako, siwezi kukubishia. Nasimulia yaliyonikuta mimi.

Fundi_Mchundo
Uzi huu umefukua kitu nilichokwisha kukizika.

Tulikuwa tunatoka Coonoor tunashuka Mettupalayam, twende Coimbatore. Dereva wetu simtaji, tumwite Braza. Braza ni fundi wa tambarare, barabara ya Bengaluru–Mysuru anaichapa usingizi usiingie. Kule juu kuna mtu alimwambia ukishuka mlima weka nyutro unaokoa petroli. Basi tumetoka Coonoor, ukungu umetanda, nyani wamekaa kwenye kingo wanatuangalia, Braza katoa gia. Gari linateleza lenyewe, yeye kazi yake kukanyaga breki na kuachia. Sisi nyuma tunaimba.

Ikaanza harufu. Mmoja akasema ni kiwanda cha majani ya chai, kule vipo kila kilima, tukakubali tukaendelea kuimba. Harufu ikazidi, sasa kama mpira unaungua. Namwangalia Braza kwenye kioo, jasho linamtoka, na kule kuna baridi. Nikamuuliza vipi. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Inaenda chini yote." Pedali. Ilikuwa inaenda chini yote na gari halipungui.

Kushoto ukuta wa mlima. Kulia ni miti, unaona ncha zake tu. Mbele kona, na kwenye kona inapiga honi basi ya serikali inayopanda.

Ngojeni, bosi kaingia. Nakuja.

BintiChumbageni
Fundi usituachie hapo!!

KonaKali
Huyu bosi wake huwa anaingia kwenye kona tu.

Msambaa_Halisi
Chai hiyo. Gari zima breki zife zote kwa kushuka kidogo?

Dadake_Pili
Msambaa, fizikia ulisoma? Breki zikichemka sana hazishiki kitu, na mafuta yake yakitokota ndani ya bomba unakanyaga mapovu.

Mwanamysuru
Mimi nimeshakata tamaa ya kwenda. Fundi mlipona?

Kaptula_Ndefu
Anaandika, maana yake alipona. Labda awe anaandika kutoka huko.

Fundi_Mchundo
Nimerudi. Binti mmoja aliyekaa mbele, mtulivu, safari nzima hajasema neno, ndiye aliyepiga kelele: "GIA! Weka gia!" Braza akasukuma ya tatu, injini ikalia, akalazimisha ya pili, ikalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwenye gari zima. Mwendo ukapungua lakini kona ndiyo hiyo. Akavuta breki ya mkono kidogo kidogo na kulilaza gari kwenye ukuta wa mlima. Tukakwaruza ubavu wote wa kushoto, kioo cha pembeni kikaenda, tukasimama tumeegemea. Basi ikapita kulia kwetu, ningetoa mkono dirishani ningeigusa.

Basi ikasimama. Abiria wakashuka, kila mtu anaongea Kitamil, matairi yetu yanafuka moshi. Kijana mmoja akaja na maji ayamwagie matairi, mzee mmoja aliyevaa lungi, kile kikoi chao, akamfukuza. Nikaja kuelewa baadaye, chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka. Yule mzee akaweka mawe chini ya matairi, akakaa chini nasi tukasubiri. Basi likaondoka bila yeye! Breki zilipopoa akanyoosha mkono, akachukua ufunguo kwa Braza bila kuuliza, akatushusha kwa gia ya kwanza na ya pili mpaka Burliar, breki hakuzigusa ila kwenye kusimama. Pale Burliar wanauza matunda barabarani. Tukamnunulia fenesi, hela akakataa, akapanda basi lingine kurudi alikokuwa anakwenda. Hata jina hatukulijua.

Waliotukodisha gari walichukua amana yote. Braza siku hizi anapanda treni.

BintiChumbageni
Mungu ambariki huyo mzee. Nimesoma nimeshika kiti.

Msambaa_Halisi
Sawa, chai nimeifuta. Lakini nyutro inaokoa mafuta, hilo msikatae.

Dadake_Pili
Haiokoi. Gari za kisasa zinazopuliza petroli kwa sindano, ukishuka na gia umeachia pedali ya mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka nyutro ndiyo injini inakunywa ili isizimike. Kwa hiyo unapoteza mafuta NA breki.

Msambaa_Halisi
Fuso letu halikuwa na kompyuta.

Dadake_Pili
Ndiyo maana kabichi zilikuwa zinafika zimechubuka.

KonaKali
😂😂 Turudi kwenye mada. Mleta uzi, kuna pasi ya mtandaoni. Tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, gari la kutoka nje likitaka kuingia Nilgiris (wilaya yenye Ooty na Coonoor) au Kodaikanal lazima liwe nayo. Ni bure, unaijaza kwenye simu. Msimu wa joto wa 2025 wakaweka na kikomo: Nilgiris magari 6,000 kwa siku za kazi, 8,000 wikiendi. Kodaikanal 4,000 na 6,000. Mkiamua ghafla Ijumaa usiku mtaishia kuangalia milima kutoka chini.

Kaptula_Ndefu
Au mpande basi. Abiria wa basi haulizwi pasi, na dereva wa basi zile ghati anazijua usingizini. Ingawa wengine huendesha kana kwamba kweli wamelala.

BintiChumbageni
Chupa za maji za plastiki acheni nyumbani. Nilgiris wamezipiga marufuku, pale kwenye kizuizi walitupekua mpaka mfuko wa krispi. Bebeni chupa ya bati, njiani kuna mashine za kuweka sarafu unajaza maji.

Nyayo_za_Mvita
Nani anatapika kwenye kona? Tangawizi mbichi, utafune.

Dadake_Pili
Tangawizi haijanisaidia kitu. Kaa mbele, usiangalie simu, usile dosa ya mafuta kabla ya kupanda.

Msambaa_Halisi
Kula ushibe. Tumbo tupu ndilo linalotapika.

Mama_Zuhura_NRB
Mimi si mwanafunzi, nilikuwa Vellore kumuuguza mama mkwe. Daktari alipotupa mapumziko kabla ya kliniki nyingine tukatoka kwenda Yelagiri, hapo jirani. Kona 14 tu, kilima kidogo, hakuna fujo. Mama alikaa kwenye benchi kando ya ziwa akasema hewa ni ya Limuru. Mtu akiwa na mgonjwa au watoto asihangaike na hizo Ooty zenu.

Fundi_Mchundo
Mama umesema vyema. Na pole kwa kuuguza.

KonaKali
Kingine: ramani itawadanganya. Kodaikanal na Munnar zimekaa jirani kabisa, mtasema tunakatiza tu. Ile barabara ya zamani ya msituni imefungwa miaka mingi. Mnashuka mpaka chini Theni, mnaenda Bodinayakanur, mnapanda tena kona 17 za Bodimettu. Ni siku nzima. Chagueni moja. Mkitoka Coimbatore kwenda Munnar piteni Udumalpet, mnapita msitu wa Chinnar na Marayur kwenye misandali. Mimi ningechagua Munnar. Ooty siku hizi ni foleni na maduka ya chokoleti.

BintiChumbageni
Ooty ina treni! Tangu 1908 inafika mpaka juu, reli ina meno katikati, injini ya mvuke inaisukuma kutoka nyuma mpaka Coonoor. Kilomita 46 kwa karibu saa tano. Munnar ina nini zaidi ya chai?

KonaKali
Anamudi, mita 2,695, hakuna mlima mrefu kuliko huo kusini yote. Mbuzi mwitu wa hifadhi ya Eravikulam wanakusogelea wenyewe. Na yale maua ya buluu ya kurinji.

BintiChumbageni
Ambayo yanachanua kila baada ya miaka 12. Mara ya mwisho 2018. Mwambie mleta uzi apange safari ya 2030.

Mwanamysuru
Jamani asanteni. Tumekaa kikao: Ooty na Coonoor tu, tunaondoka alfajiri, tunapanda Masinagudi, tunarudi Gudalur. Kodaikanal mpaka mwakani. Dereva tumembadilisha baada ya kusoma ya Fundi. Mvua za Julai vipi, tuahirishe?

Dadake_Pili
Ahirisheni. Milima inaporomoka. Wayanad jirani hapo Julai 2024 vijiji vizima vimekwenda.

Kaptula_Ndefu
Nendeni. Julai ukungu mzuri na vyumba nafuu. Bebeni chumvi ya ruba.

Msambaa_Halisi
Mkikosa dereva mnanijua nilipo.

Tumaini_Jipya
Habari wakuu, nimeingia sasa hivi. Hivi kutoka Mysuru kwenda Ooty usiku njia iko salama?