Erbi, europi au gadolini: ioni ipi inafaa kupimwa spini na nuru katika fuwele moja?

Mpimaji
Wanajukwaa, ninaandaa pendekezo la utafiti wa uzamili ambamo fuwele ileile itapimwa kwa njia mbili: resonansi ya sumaku ya elektroni (inayopima spini, yaani usumaku mdogo wa asili wa elektroni, kwa mawimbi na uga wa sumaku), kwenye spektromita ya kawaida ya gigahezi 9.5 hivi, na nuru ambayo ioni huitoa baada ya kuchochewa kwa leza. Fuwele yenyewe ni silikati ya yitri (Y₂SiO₅), ambayo viini vyake vina usumaku hafifu. Ninasita kati ya ioni za erbi na europi, metali za kundi la lanthanidi zinazotiwa kidogo ndani ya fuwele.

Fuwele_Safi
Kwa vipimo vyote viwili, chukua erbi. Er³⁺, yaani ioni ya erbi, ina elektroni 11 katika ganda la ndani liitwalo 4f, na kwa kuwa idadi hiyo ni witiri, ngazi yake ya chini ya nishati hubaki jozi ambayo uga wa sumaku pekee ndio unaoweza kuitenganisha. Kwa kila aina ya mahali ioni inapokaa katika fuwele, utaona mstari mmoja mkubwa wa isotopu shufwa (zile ambazo kiini chake hakina spini) na, kuuzunguka, mistari minane midogo ya erbi-167, ambayo kiini chake kina spini ya 7/2. Nuru yake hutoka karibu na nanomita 1536, pale ambapo nyuzi za mawasiliano hupoteza nuru kidogo sana. Kipokezi cha silisi hakiioni nuru hiyo kabisa, kwa hiyo tenga bajeti ya kipokezi cha indi, gali na aseniki.

Bi_Spektra
Ndugu Fuwele_Safi, naomba nitofautiane nawe kidogo. Ni kweli kwamba ioni ya europi, Eu³⁺, haionekani kwenye spektromita hiyo, kwa kuwa ngazi yake ya chini haina usumaku wa elektroni. Lakini utulivu huohuo ndio unaovilinda viini vyake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walionyesha kwamba spini za viini vya europi katika fuwele hii hutunza mpangilio wao wa kikwantumu kwa saa sita, kwenye kelvini 2 (karibu na sufuri halisi ya joto). Erbi-167 ilifikia sekunde 1.3 mwaka 2018, tena ndani ya uga wa tesla 7. Zaidi ya hayo, nuru ya europi hueleza mazingira ya ioni: mstari wa nanomita 590 hivi haubadiliki sana, ilhali ule wa 612 hupanda au kushuka kulingana na ulinganifu wa mahali ioni ilipokaa.

Mzee_wa_Maabara
Kabla ya yote, heli ya kimiminika ya kupozea fuwele ipo? Spini za erbi hulegea (hupoteza mwelekeo wao) haraka mno, na juu ya kelvini 20 hivi mstari hupanuka hadi kupotea. Pasipo heli ningechagua ioni ya gadolini, Gd³⁺, inayoonekana hata katika joto la chumba, ingawa nuru yake ya nanomita 312 hivi inahitaji lenzi za kwatzi.

Mpimaji
Shukrani, mzee wangu. Heli tunayo, ila kwa zamu. Kwa kuwa spektromita ndiyo kifaa changu kikuu, nitachukua erbi; europi nitaiombea leza yake baadaye.

Fuwele_Safi
Basi agiza fuwele yenye erbi sehemu 50 kwa milioni au pungufu, ili spini zisisumbuane. Tambua mielekeo ya mihimili yake kwa eksirei kabla ya kuikata: uga wa sumaku usipolala kwenye mhimili b wa fuwele au kwenye bapa la D1 na D2 (mihimili miwili ya nuru iliyo wima kwa b), kila mstari utagawanyika mara mbili, na zamu yako ya heli itaishia katika kuitambua mistari hiyo.