Mawe ya matundu aina mbili: yote ni ya volkano?

MamaFuso_Uyole
Habari zenu wakuu. Niko Uyole, nakusanya mawe ya msingi. Shemeji yangu ana Fuso, kaniletea tripu mbili. Ya kwanza kaitoa upande wa Tukuyu: mawe meusi, mazito, yana vitundu vya mviringo vya kuenea kichwa cha kiberiti tu. Ya pili kaibeba Songwe asirudi tupu: mawe rangi ya chai ya maziwa, nayo yana matundu, tena makubwa. Nikamuuliza, akanijibu, "Shem, yote ni ya volkano, huoni matundu?" Fundi naye anasema jiwe ni jiwe.

Mimi sijaridhika. Juzi nimekalia moja la Songwe uani nakatakata kachumbari, ndimu ikadondokea pale chepe lilipokwaruza. Likatoa povu! Nikakamulia na jeusi: kimya. Sasa hawa ni ndugu kweli? Na lipi liende chini?

Mwl_Mbalizi
Si ndugu, dada. Jeusi ni basalti, yaani uji wa moto wa volkano uliopoa. Ule uji hupanda na gesi ndani yake, kama soda ukiifungua. Ukiganda gesi haijaisha kutoka, vinabaki vitundu vya mviringo. Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni lava ya namna hiyo. Na wala si mambo ya kale sana: mlima Kiejo ulimwaga lava kwenye mwaka 1800 hivi.

La Songwe ni travatini, na hiyo ni jamii ya mawe ya chokaa. Maji moto ya pale yanapanda na chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu gesi inatoroka, chokaa inabaki, inagandamana kwenye matete na nyasi tabaka juu ya tabaka. Nyasi zinaoza, nafasi yake inabaki tundu. Kwa hiyo ni mwamba wa mashapo, yaani uliojijenga kwa vitu vilivyotuama tabaka juu ya tabaka, ingawa haukutokana na mchanga uliosombwa na maji kama zile nguzo za mawe za Isimila kule Iringa. Ndimu imekula chokaa, lile povu ni hewa ya kaboni.

Chukua msumari ukwaruze. La chokaa litachimbika na kutoa unga mweupe. Basalti itaula msumari wenyewe, utaona mstari wa chuma juu ya jiwe.

Fundi_Tukuyu
Mwalimu kamaliza darasani, mimi niko saiti. Chini weka jeusi. Halilainiki, na ule mparuzo wake unashika udongo wa saruji vizuri. Jiwe la chokaa si baya, watu wamejengea tangu zamani, ila maji ya mvua yana uchachu kidogo na yanalila polepole, na Mbeya mvua unaijua. Ukilitumia ukutani lilaze kama lilivyolala ardhini, matabaka yawe ya ulalo. Ukilisimamisha yatabanduka kama maganda ya kitunguu.

Na usikubali yale mepesi ya kijivu ya kusugulia visigino. Hayo nayo ni ya volkano, lakini yanaelea majini! Nimeshamkuta mtu kayapanga kwenye shimo la msingi.

Mchimbaji_mstaafu
Naongezea kidogo. Msiseme kila jiwe linalotoa povu ni mashapo. Panda Hill, hapo hapo jirani na Songwe, kuna kabonataiti: jiwe lililotoka chini likiwa uji wa moto, na bado limejaa chokaa. Ndiko kwenye madini ya niobi. Ukilikamulia ndimu na lenyewe linachemka. Ol Doinyo Lengai kule kaskazini ni wa ukoo huo, ndiyo volkano pekee duniani inayotapika uji wa aina hiyo siku hizi. Ndimu inakwambia kuna chokaa, haikwambii jiwe limezaliwaje.

Mwl_Mbalizi
Sahihi kabisa mzee wangu, nilikimbilia. Basi dada, tazama umbo la matundu. Ya gesi ni mviringo au yamevutwa kidogo upande mmoja. Ya matete ni kama bomba.

MamaFuso_Uyole
Shikamoo mzee, asante mwalimu, asante fundi. Nimetumia msumari wa nchi nne. Jeusi limebaki na mstari unaong'aa, la Songwe limetoa unga kama sembe. Halafu nikalipasua moja kwa nyundo. Ndani kuna vibomba vitano vimesimama pamoja, kidole cha mwisho kinapita, na kimoja kina mistari ya urefu kama ganda la tete lenyewe. Nimemwita shemeji aje aone. Kaangalia weee, kisha kauliza kama anaweza kuyarudisha.

Nimemkatalia. Meusi yanaenda chini Jumatatu. Ya Songwe nimeyapanga kuzunguka bustani ya mama mkwe, ila lile la vibomba nimelitoa, liko dirishani.