Majibu ya nyama ya kongosho la Baba yanasema saratani haikuonekana. Tufurahi?

BintiWaArua

Asalaam aleikum, na habari za leo ndugu zangu wote. Baba yangu ana miaka 64, aliendesha malori njia ya Arua hadi Malaba mpaka alipostaafu. Baada ya Idd macho yake yaligeuka manjano. Tukadhani ni ini, akanyweshwa dawa za miti wiki tatu. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa kupaka ukuta, na usiku anajikuna mpaka shuka lina damu. Maumivu hana. Mkanda wake ameshautoboa matundu mawili mapya.

Skani ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, kama sentimita 3. Wakamchoma sindano, nyama ikapelekwa Kampala, majibu yakaja baada ya siku 19: makovu, kongosho lililovimba kwa muda mrefu, seli za saratani hazikuonekana. Baba mdogo alichinja mbuzi siku hiyohiyo. Kaka yangu anasema chanzo ni muhogo tunaokula kila siku, maana Baba hajaonja pombe maishani mwake.

Mimi karatasi ile nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kama si saratani, mbona anazidi kukonda? Anayeelewa mambo haya anisaidie.

MtuWaMbale

Dada, karatasi imesema hakuna, mshukuruni Mungu na mmpe chakula kizuri. Msikubali sindano ya pili. Shangazi yangu alichomwa, ugonjwa ukatawanyika, miezi miwili tukamzika. Nasema kwa uchungu.

FundiWaSlaidi, Bombo

Waaleikum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi ya histolojia miaka 31: kuigandisha nyama kwenye nta, kuikata nyembamba, kuibandika kwenye kioo tunachokiita slaidi, kuipaka rangi, kisha daktari wa patholojia anaitazama kwenye hadubini. Mimi si daktari na Baba sijamwona. Lakini kongosho nimelishika sana, na hilo neno "hazikuonekana" nalifahamu. Linazungumzia kile kipande tu. Juu ya uvimbe wote halijasema kitu.

Nikueleze kwa nini kongosho linatutesa kuliko titi au shingo ya kizazi. Saratani yake ya kawaida huanzia kwenye vijirija vinavyopitisha maji ya kumeng'enya chakula, nayo inajijengea kovu gumu pande zote. Donge kama hilo ukilikata, kisu kinakwaruza kama kwenye pera bichi. Sehemu kubwa ni kovu, seli zenyewe zimekaa mojamoja mbalimbali. Sindano inatoa uzi wa nyama mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ukiangukia penye kovu tupu, slaidi itaonyesha kovu tupu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaambiwi. Donge likiuziba mrija mkuu, kongosho lote lililo nyuma yake, kuelekea mkiani, linakosa pa kumwaga maji yake. Linavimba, linanyauka, linajaa makovu. Kwa hiyo sindano ikikosea sentimita mbili tu, inaleta kongosho lililovimba kwa muda mrefu kwelikweli. Daktari akiandika hivyo hajakosea, kaandika alichoona. Saratani iko jirani, haijaguswa.

Nakumbuka bloki moja, yaani nyama iliyogandishwa ndani ya nta. Tulikata mara ya kwanza, kovu. Mara ya pili, kovu. Daktari akaniambia niingie ndani zaidi, na pale vikatokea vijirija vitatu vimeizunguka neva, yaani mshipa wa fahamu. Vijirija vizuri hukaa kwa vishada, kama ndizi kwenye mkungu, haviendi kuikumbatia neva wala kuuegemea mshipa wa damu wenye ukuta mnene. Akanivuta kwenye hadubini nione: ndani ya kijirija kimoja, kiini cha seli moja kilikuwa mara 4 ya kiini cha jirani yake. Nyama ilikuwa ileile, karatasi ya kwanza ingesema "hazikuonekana".

Sasa ulizia hili kabla ya lolote: nyama ya Baba ilisafiri ndani ya nini? Kongosho limebeba vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, na likishatoka mwilini linaanza kujimeng'enya lenyewe. Linataka fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 palepale, na dawa iwe nyingi, kama mara 10 ya nyama. Mimi nimepokea vichupa vya maji ya chumvi vilivyolala kwenye basi. Ukitazama slaidi unaona vivuli vya seli. Hilo liliniuma kila mara, kwa sababu mgonjwa alishavumilia sindano yake.

Kuhusu muhogo, kaka yako hakulitoa hewani. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Davies alionyesha mwaka 1948 jinsi kongosho la mtoto mwenye kwashiorkor linavyonyauka, na mwaka 1960 daktari Shaper akaandika juu ya ugonjwa sugu wa kongosho akiuhusisha na upungufu wa protini. Baadaye muhogo ulishukiwa kule Kerala, India, ambako nao wanaula, lakini tuhuma haikuthibitika. Tena ugonjwa ule huanza ujanani, na tumbo linauma, na mawe yanaonekana kwenye eksirei, na sukari inapanda. Hiyo si hadithi ya Baba.

Yapo magonjwa mengine yanayofanana na saratani na yanatibika. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye kongosho. Upo pia ule ambao kinga ya mwili inalishambulia kongosho lenyewe: huwapata zaidi wanaume wa umri wa Baba, macho yanageuka manjano bila maumivu, na dawa ya prednisoloni inaupunguza ndani ya wiki chache. Damu hupimwa kitu kinachoitwa IgG4. Muulizeni daktari kama aliufikiria, kwa sababu kuna watu wamepasuliwa kwa ajili yake bila sababu.

MtuWaMbale, pole kwa shangazi. Saratani ya kongosho mara nyingi inagunduliwa ikiwa imeshasambaa, na mtu akifa baada ya sindano, sindano ndiyo inayobeba lawama. Siku hizi sindano hupitishwa kwa kamera kupitia mdomoni hadi utumbo unaopakana na kichwa cha kongosho. Kutawanya seli kwa njia hiyo ni nadra sana, na mgonjwa akija kupasuliwa, utumbo huo hutolewa pamoja na donge.

MamaSauda, Jinja

Naongeza la kwangu. Binti wa dada yangu, miaka 23, alikutwa na uvimbe wa sentimita 9 mkiani mwa kongosho. Tulilia kama msibani. Patholojia ikasema ni aina inayowapata hasa wasichana, inakua polepole, ikitolewa yote wengi wanapona. Alipasuliwa mwaka 2017. Leo ana mtoto na duka la vitenge. Ulizeni jina kamili la uvimbe, msikubali kuambiwa "kongosho" tu.

FundiWaSlaidi, Bombo

Kweli kabisa, Mama Sauda. Hata Steve Jobs hakuwa na ile ya vijirija. Yake ilitoka kwenye seli zinazotengeneza homoni, iligunduliwa 2003 akaishi hadi 2011.

BintiWaArua

Mzee, nimepiga simu. Kichupa kilikuwa na maji ya dripu, na kililala usiku mzima kabla ya kupata basi. Hakuna aliyetuambia kitu. Nimekaa barazani nikalia, kisha nikainuka. Kaka anataka tulipie kipimo cha damu cha saratani, CA 19-9, badala ya sindano. Na jana jioni Baba alitetemeka kwa baridi, mwili ukiwa moto.

FundiWaSlaidi, Bombo

Binti, acha mambo ya slaidi kwanza. Macho manjano pamoja na homa ya kutetemeka maana yake nyongo iliyozibwa na donge huenda imeingiwa na wadudu, na inaua haraka kuliko donge. Mpelekeni hospitali leo, si kesho asubuhi. Waambieni tangu lini ana manjano, na waulize kama damu yake inaganda vizuri, kwa sababu nyongo isipofika kwenye utumbo vitamini K haiingii mwilini.

Kipimo cha kaka kinapanda hata kwa sababu ya nyongo iliyozibwa peke yake, na wapo watu ambao miili yao haikitengenezi kabisa hata wakiwa na saratani. Fedha hiyo iwekeni kwenye nauli.

BintiWaArua

Siku nne zimepita. Alilazwa usiku ule, akapewa antibayotiki, homa imeshuka na jana ameomba enyasa, ugali wa kwetu. Tumepewa rufaa kwenda Kampala Alhamisi, kuwekewa mrija wa kufungulia nyongo na kuchukuliwa nyama upya kwa kamera. Daktari ametazama skani tena, anasema donge halijaishika mishipa mikubwa ya damu, na kwa hali hiyo upasuaji unaweza kuzungumzwa hata kama nyama itakataa kusema. IgG4 watapima. Baba mdogo tumemweleza, amenyamaza sana, kisha akasema atauza ng'ombe mmoja.

Maabara imekubali kutupa bloki na slaidi za zamani. Nizibebe vipi?

FundiWaSlaidi, Bombo

Alhamdulillahi. Slaidi zifunge kwenye karatasi laini, kila moja peke yake, kisha ndani ya kopo gumu. Bloki ni nta, binti, usiziache kwenye dashibodi wala karibu na injini ya basi, joto litazilainisha. Ziweke kwenye mkoba wako, mapajani. Na siku ya sindano, simama karibu na muuguzi, muulize kwa heshima: hii ni fomalini?