Nyumba pacha za Uingereza za karne ya 19: mwenye nusu ana haki ya kung'oa madirisha?

Kapi_na_Kamba
Wadau, mwenye nusu moja ya nyumba pacha za karne ya 19, yaani nyumba mbili zilizoshikana kwa ukuta mmoja wa kati, aachiwe aweke madirisha ya plastiki? Nasema hapana. Nyingi zilichorwa makusudi zionekane jumba moja la tajiri. Loudon, yule mwandishi na mchoraji wa bustani na nyumba, alipojenga pacha yake Porchester Terrace, London, 1823 hadi 1825, milango aliisukuma pembeni, katikati akaweka chumba cha vioo chenye kuba, mpita njia asijue mle mna familia mbili. Ukigusa nusu yako, umechana uso wa jirani.

MlipaBili
Uso haulipi gesi. Ukuta ni tofali zima moja, sentimita 23, hauna uwazi katikati. Kioo ni kimoja, chembamba. Pazia linacheza ngoma dirisha likiwa limefungwa!

Kapi_na_Kamba
Linachezeshwa na nyufa za fremu, kioo unakisingizia. Dirisha la zamani ni fremu mbili za kupandisha na kushusha, zinaning'inia kwa kamba na vyuma vya uzito vilivyofichwa pembeni. Bandua ubao mwembamba wa ndani, toa fremu ya chini, bandua ubao wa kati, toa ya juu. Pembeni kuna kifuniko kidogo cha mbao. Ukikifungua unatoa vyuma vya uzito. Kamba mpya ipite kwenye kapi, brashi za kuzuia upepo zichomekwe kwenye zile mbao kabla ya kuzirudisha. Vyuma viwili vya fremu ya juu viwe vizito kidogo kuliko fremu yenyewe, vya chini viwe vyepesi kidogo. Ukiweka vioo viwili bila kuongeza uzito, fremu ya juu itakushukia kichwani. Nafasi ya chuma kirefu ikikosekana, tumia madini ya risasi, mazito zaidi. Na kwa taarifa yako, nyumba hizi haziuawi na dirisha. Zinauawa na mwashi mwenye mfuko wa saruji.

Fundi_Mwiko
Mwashi kaingiaje hapa? Kazi ya watu unaiita mauaji? Viungo vya chokaa unavichokonoa kwa kidole vinamwagika. Ukipiga saruji, umemaliza.

TofaliJekundu
Umemaliza tofali, ndiyo. Tofali la wakati ule ni laini. Chokaa hunywa maji ya mvua na kuyaachia. Saruji hufunga njia, maji yanatokea usoni mwa tofali, yakiganda uso unabanduka. Pita mtaa wowote wa zamani: viungo vya saruji vimesimama kama kimia, tofali zimeliwa katikati. Kwangua viungo kwa patasi, grinda iache garini. Kina cha kukwangua kiwe mara mbili ya upana wa kiungo. Lowesha ukuta, kisha chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayoganda hata penye maji) sehemu moja, mchanga mkali, wenye chembe za pembepembe, sehemu tatu. Funika na gunia bichi siku kadhaa, lisikauke. Baridi ikiwa chini ya nyuzi 5 usianze.

Fundi_Mwiko
Siku kadhaa za kulea gunia, mteja analipa nani? Halafu unyevu ukipanda anapigiwa simu nani, wewe?

TofaliJekundu
Kabla ya simu, ainame atazame matundu ya hewa chini ya sakafu. Ile sakafu ni mbao juu ya uwazi. Watu huyaziba wakikimbia baridi, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimyakimya. Tazama pia udongo wa bustani: uwe sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu. Udongo ukilifikia, maji yanaliruka tu.

BintiLamu
Jamani, hii si ndiyo kesi ya Mji Mkongwe? Jiwe la matumbawe na chokaa, mtu kaja na lipu ya saruji, leo boriti za mikoko zinaoza vichwa. Waswahili walikuwa wanachoma chokaa hao Waingereza wakijenga kwa udongo.

Fundi_Mwiko
Dada, Unguja barafu iko kwenye juisi tu. Usilinganishe.

BintiLamu
Barafu hakuna, chumvi ipo, na kazi yao moja. Chumvi ikigeuka fuwele nyuma ya lipu ngumu inaisukuma mpaka inadondoka mapande. Wewe ndiye utakayeitwa kuipiga tena, kwa hiyo naelewa unavyoitetea.

Kapi_na_Kamba
Hapo kwa udongo umekosea, dada. Warumi walichoma chokaa Uingereza kabla ya hayo yote.

BintiLamu
Warumi si Waingereza, kaka.

MlipaBili
Swali lilikuwa madirisha! Na sheria hamkuitaja. Nyumba iliyo kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kihistoria, kubadilisha madirisha ni hadi kibali. Lakini kuwa ndani ya eneo la hifadhi ya majengo, yale ya sheria ya 1967, peke yake hakukufungi mikono. Mpaka halmashauri itoe amri ya Kifungu cha 4, ile inayokunyang'anya ruhusa ya kubadilisha bila kibali. Bila amri, badilisha ilimradi mwonekano ufanane.

Kapi_na_Kamba
Plastiki gani inafanana? Baa zake za vioo zimebandikwa na gundi, na yale masikio yanayochomoza chini ya pembe za fremu ya juu ni pambo. Ya kweli yalikuja vioo vikubwa vilipopata bei nafuu baada ya ushuru wa kioo kufutwa 1845: baa za katikati ziliondoka, pembe za fremu zikahitaji nguvu.

Fundi_Mwiko
@TofaliJekundu huo mchanga mkali, wa mto unafaa?

TofaliJekundu
Wa mto chembe zake mara nyingi ni duara, hazishikani. Tafuta wa shimo uliooshwa, chembe kubwa na ndogo zichanganyike.