Tupeane uzoefu: damu isiyokatika, skani na kisu cha kizazi

MamaTwaha wa Bombo
Leo asubuhi nilipanda taksi hapa Bombo naenda Kampala. Mbele yangu alikaa binti wa miaka ishirini na tatu hivi, sweta kajifunga kiunoni na jua limeshaanza kuchoma. Nikajua. Tulipofika Kawempe alitaka kushuka, akasita, akageuka kuangalia kiti. Kondakta akaanza makelele. Nikamfunga leso yangu, nikafuta kiti kwa maji yangu ya kunywa, tukashuka wote wawili. Akaniambia, "Mama, leo ni siku ya kumi na moja."

Nimerudi mwaka 2016 hapo hapo barabarani. Mimi nilivuja damu miaka minne nikisema ndiyo asili yetu, kwa kuwa mama yangu naye alikuwa hivyo. Pedi mbili kwa pamoja na kitambaa juu yake, shuka jeusi kitandani, siku ya pili na ya tatu sitoki nyumbani. Emmumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba, nilikunywa mpaka nikaichoka. Nikawa natafuna bumba, udongo mkavu, mchana kutwa, nikipanda ngazi tatu moyo unanidunda kama ngoma ya harusi. Siku moja nikaanguka nikiwa napimia mteja mchele. Musawo, yaani daktari, alinivuta kope ya chini, ndani kweupe. Kipimo cha wingi wa damu kilikuwa 4.8, na mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Skani ikaonyesha fibroidi tatu, uvimbe wa kizazi usio saratani, kubwa lao sentimita 9, kizazi kimepanda kama cha mimba ya miezi mitano. Nikapewa chupa tatu za damu na vidonge vya chuma, kisu kikasubiri wiki sita.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kubadilisha pedi kila saa ni ugonjwa. Wenzangu mlipitia vipi? Semeni, nataka binti yule asome.

Zainabu_K
Shuka jeusi. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Binti wa Arua
Mama, umenigusa pabaya. Nilikuwa na miaka 29, sina mtoto, nimeolewa miaka mitatu. Tumbo lilikuwa limevimba hata wauza mboga sokoni wananipisha wakisema mjamzito apite. Mama mkwe alikuwa ameshanunua beseni la kuogeshea mtoto.

Hospitali ya kwanza, sitaitaja, nililazwa Jumatatu. Jumanne usiku, taa zimepunguzwa, akaja mtu na karatasi na kalamu. "Saini hapa, kesho ni wewe wa tatu." Nikauliza wanatoa uvimbe ngapi. Akajibu bila kunitazama, "Wanatoa vyote." Vyote nini? "Kizazi." Mume wangu alikuwa ameshasaini mstari wa chini! Waliitana pembeni, wakamwambia nitakufa, naye kwa hofu akasaini. Kalamu niliishika hivi, vidole vimekufa ganzi. Mama mmoja wa kitanda cha jirani, yeye alikuwa na fistula, tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, karatasi ni yako, mwili ni wako. Usiposaini hawakugusi."

Sikusaini. Asubuhi nilitukanwa mbele ya wodi nzima, nikafunga mzigo wangu. Daktari wa pili, mzee mmoja mpole, alinichorea kizazi nyuma ya bahasha ya skani: uvimbe huu uko nje, huu uko ukutani, huu mdogo ndio unaokumwagisha damu kwa sababu umeingia ndani. Akasema, "Nitatoa uvimbe, kizazi nitakishona. Lakini damu ikinishinda mezani, ruhusa ya kukuokoa naihitaji." Hapo nikasaini mwenyewe, kwa mkono wangu. Walitoa 11. Niliviona kwenye beseni, vyeupe, vigumu kama viazi vilivyomenywa.

Mwanangu ana miaka minne sasa. Alizaliwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza, maana daktari alikuwa ameandika kwenye karatasi ya kutoka kwamba kizazi kilikatwa kwa kina, nisisukume. Karatasi hiyo msiipoteze, mama zangu.

Hadija Kisenyi
Mume kusaini kwanza! Wallahi ningevunja kitu.

Fundi wa Busia
Poleni sana dada zangu. Lakini mnakimbilia kisu haraka. Mke wangu alikutwa na uvimbe wa sentimita 4, akatumia mizizi miezi sita, skani ya pili ikasema 3.6. Umepungua. Mwenye kuhitaji dawa aniandikie pembeni.

Sista wa Zamu
Fundi, kwa heshima kabisa, hapo hakuna kilichopungua. Mimi ni muuguzi, niko wodi ya akina mama. Wapimaji wawili wakipima uvimbe ule ule siku moja, tofauti ya milimita nne inatokea. Na uvimbe wa sentimita 4 usiomwaga damu, usiouma, usiozuia mimba, sisi wenyewe tunauacha tunautazama. Ukomo wa hedhi ukifika nyingi hunywea zenyewe. Unauza sifa ya kitu ambacho kingekaa vile vile.

Fundi wa Busia
Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wajinga?

Sista wa Zamu
Bibi zetu walizika mabinti wengi na wakaambiwa ni uchawi. Wiki jana nimempokea mwanamke aliyejiwekea dawa ukeni siku tano, amefika ameoza. Usiandike pembeni, andika hapa hapa unachouza tukijue.

Dada wa Katwe
Naomba msigombane, nisikilizeni mimi. Yangu haikuwa fibroidi. Nilikuwa na miaka 19, mwaka wa kwanza chuoni. Saa nane usiku maumivu ya ghafla upande wa kulia chini, kama mtu kaingiza mkono akakamata utumbo na kuukamua kama nguo. Natapika, nalia, nimelala sakafuni kwa sababu simenti ilikuwa baridi. Ssenga wangu, shangazi upande wa baba, akasema ni mimba nimetoa. Alinipiga kofi nikiwa chini pale pale.

Boda ilitupeleka, mimi katikati, ssenga nyuma akinishikilia. Hospitali walipima mimba kwanza, hakuna. Skani ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, kifuko cha mayai, umejisokota shingo, damu haipiti. Nusu kaputi, nikazima.

Nilipoamka mama yangu alikuwa amefika kutoka Masaka, anasali kwa sauti, hataki kunitazama. Daktari alikuwa amemwonyesha kilichotoka. Ndani ya uvimbe mlikuwa na NYWELE. Ndefu, nyeusi, zimejiviringa kwenye mafuta kama samli. Na meno mawili.

Zainabu_K
Subhanallah!!

Hadija Kisenyi
Meno???

Mwana wa Kibuli
Hayo ni majini dada. Ulitumiwa. Mtafute shehe wa kweli akusomee, kisu hakiondoi kitu kama hicho.

Kijana Jinja
Je, ulizikwa huo uvimbe? Mtoto pacha huyo aliyekufa tumboni.

Sista wa Zamu
Jamani. Si jini, si pacha. Huo unaitwa demoidi, na kwa wasichana tunaukuta mara nyingi kuliko mnavyodhani. Ovari ndiyo inayotunza mbegu ya kutengenezea mtu mzima, kila kiungo. Mara moja moja chembe moja inaanza kazi peke yake bila mimba, inatengeneza inachoweza: ngozi, nywele, mafuta, jino. Hata bikira anaupata. Karibu wote si saratani, lakini ni mzito na una shingo, ndiyo maana unajisokota. Ukijisokota ni dharura, kila saa inayopita ovari inakufa.

Mwana wa Kibuli
Sista, mambo mengine hamfundishwi darasani.

Dada wa Katwe
Mwana wa Kibuli, maneno kama yako yalinigharimu mwaka mzima. Mtaani walisema nimezaa jini. Mchumba alirudisha pete. Nyama ilipelekwa maabara, majibu yakatoka: si saratani. Karatasi hiyo mama aliiweka ndani ya Biblia yake, kila mgeni akija anamsomea. Ovari moja ilitolewa, moja ilibaki, hedhi inakuja kila mwezi na mwaka jana nimejifungua salama bila kisu. Ssenga ameshaniomba radhi. Nimemsamehe, lakini kofi lile nalikumbuka.

Zainabu_K
Mungu akupe maisha marefu, na mama yako pia.

Rukia wa Mbale
Mimi naongeza kidogo tu. Skani ikisema "safi" msiridhike kama maumivu yapo. Miaka saba nilizimia kila hedhi, kila skani safi, kila musawo ananiambia olewa uzae yataisha. Mpaka nilipotobolewa matundu madogo matatu tumboni, wakaingiza kamera. Endometriosi: nyama inayofanana na ya ndani ya kizazi imeota nje, imegandisha ovari na utumbo. Nililia kwa furaha, mtanielewa wenye nayo. Kumbe nilikuwa nasema kweli.

Hajjati Old Kampala
Wanangu, mimi kizazi kilitolewa chote nikiwa na miaka 46, watoto sita tayari. Waliniambia nitakuwa mwanamume, nitaota ndevu. Sijaota. Ovari zangu waliziacha, kwa hiyo joto la ukomo halikunijia siku ile. Hedhi tu ndiyo iliyokoma, na nilichinja kuku. Na mume wangu hajalalamika, niishie hapo. Binti wa Arua alikuwa na haki ya kukataa. Nami nilikuwa na haki ya kukubali. Msimtishe mwenye umri wangu.

Hadija Kisenyi
Hajjati! Allah akuzidishie.

MamaTwaha wa Bombo
Ahsante Hajjati. Sasa semeni mambo ya baada ya kisu, binti anaweza kuhitaji.

Binti wa Arua
Chukua mto mdogo. Ukikohoa au taksi ikipita kwenye tuta, ukandamize tumboni. Na magomesi mapana, yale magauni yetu marefu, suruali uiage kwanza.

Zainabu_K
Mama alinilaza siku thelathini, sikugusa hata sufuria.

Sista wa Zamu
Siku thelathini za kulala, hapana. Kesho yake unasimama, unatembea wodini, damu isigande miguuni. Usichobeba ni jerikani la lita 20, wiki sita.

Rukia wa Mbale
Na usione haya kujamba, ndiyo dalili utumbo umeamka. Kwangu wodi nzima ilipiga makofi.

Hajjati Old Kampala
Uji wa mtama, mwepesi. Matooke siku ya tatu.

Kijana Jinja
Wengine wanasema utafune chingamu utumbo uamke. Ni kweli?

Sista wa Zamu
Inasaidia, ndiyo. Muulize daktari wako kwanza.

Fundi wa Busia
Sista, mke wangu damu yake inatoka siku nane sasa. Sikutaka kuandika hapo mwanzo. Nimlete wapi?

Sista wa Zamu
Mlete hospitali ya rufaa iliyo karibu, apimwe damu na mimba, arudie skani. Mizizi aache. Karatasi za skani zote mbili mje nazo.

MamaTwaha wa Bombo
Binti amenipigia sasa hivi. Alipimwa leo jioni, damu ni 6.1. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunapanda taksi ya kwanza kwenda hospitali ya Mulago, ile ya wanawake iliyofunguliwa 2018. Kundi lake la damu ni O. Mwenye O aliye Kampala na anayeweza kutoa chupa moja aniandikie.

Mwana wa Kibuli
Mimi ni O. Niambie nifike saa ngapi.